Filimbi ya Lukasi Niliyoishonea Ngozi

Mosimboa da Praia,
masika yakiishaisha

Dada Zuhura,

Kabla ya salamu, kaa vizuri kwenye mkeka nikwambie jambo. Kama si mimi mdogo wako, jeshi zima la Mreno hapa Mosimboa lingekuwa linatembea suruali zimeshuka magotini. Sikutanii. Mikanda yao ya kutoka Ulaya imeoza kwa jasho na chumvi ya huku, na anayeishona upya, akawatobolea tundu la ndani wale waliokonda na tundu la mbali yule mpishi wao, ni mimi Bakari uliyekuwa ukinifuta kamasi. Kapteni mwenyewe alisimama mbele yangu ameshika kiuno kwa mikono miwili kama mtoto aliyebanwa na mkojo. Nikamwambia, "Subiri zamu yako, bwana mkubwa." Akasubiri. Haya, hakusubiri sana. Lakini alisubiri.

Sasa ndiyo salamu. Shikamoo Dada. Mama naye mpe shikamoo yangu, na wakati unaisema umshike mkono kabisa, maana shikamoo ya karatasi haina joto. Macho yake yanaendeleaje? Bado anamwita mbuzi kwa jina la shemeji? Na ule upande wa paa uliokuwa unavuja juu ya kitanda changu, mmeuezeka, au mmeuacha uvuje kwa kuwa mwenyewe hayupo? Mimi mzima. Kunenepa sijanenepa. Kurefuka nimerefuka kidogo. Uzuri wa sura haujaongezeka kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuongeza.

Najua unamsomea Mama kwa sauti, huku mtoto yuko mgongoni na nusu ya Kionga wamekaa kusikiliza. Basi mahali ambapo nimeandika RUKA, ruka. Usijifanye hujaona, kama ulivyojifanya hujaona ule wali wangu wa Idi. Na kama yupo bwana mwenye kazi ya kufungua barua za watu njiani, salamu kwako pia, bwana. Humu hamna siri, mna maringo tu. Ukimaliza uikunje vizuri, Mama hapendi karatasi yenye makunyanzi.

Maneno yenu nimeyapata kwa kinywa cha Sumaili, utingo wa lori la koluna, ule msafara unaolindwa na askari, huyo huyo aliyekuletea barua hii. Alinikuta nashona, akasimama akayatoa yote bila kupumua, akimwigiza Mama mpaka na ule mkono wa kiunoni: "Ngozi hata Kionga zipo, mbuzi hawajaisha, mwambie mwanangu apande lori arudi." Nilicheka sana. Kisha Sumaili akaenda zake nikaacha kucheka. Jibu la Mama nimeliweka mbele. Usifunue karatasi kulitafuta, soma kwa mpangilio kama watu waliosoma.

Kwanza niwaeleze ninaishi na nani, maana Mama anadhani nakaa peke yangu kama jini.

Mimi ni mtu wa makorokoro. Ndivyo mji unavyotuita: wale watu wa makorokoro. Tuko wanne. Hatuuzi wala hatununui, na mtu akitaja bei ya kitu anafukuzwa barazani kwangu mpaka Jumamosi nyingine. Kazi yetu ni kuokota vitu vya kale, kuvitazama, kubishana, na kunywa kahawa. Ndiyo, Dada, wapo watu wazima wanaofanya hivyo, tena wenye akili, tena vitani.

Aliyelianzisha jambo hili ni Lukasi. Huyu ni Mmakonde wa Diaka, huko bara, Mkristo, anafua mashuka hospitali. Nilikuwa na ule mkoba wa risasi wa marehemu Babu, aliorudi nao kutoka vita vya Mjerumani, ambao Mama alinipa nitilie sindano na misharasi yangu ya kutobolea. Mnaukumbuka, wenye kishikizo cha shaba kinachoota ukungu wa kijani kila masika, Mama alikuwa akikaa nao mlangoni anausugua kwa ndimu huku anamgombeza Babu kana kwamba yupo. Basi Lukasi alipita na furushi la mashuka kichwani, akauona, akasimama.

"Hiyo umeiiba wapi?"

"Nimezaliwa nayo."

"Muongo. Hiyo imemzidi umri baba yako. Waiuza?"

"Uza meno yako kwanza."

Ana meno yaliyochongwa kama walivyo wazee wa kwao, na alicheka nikayaona yote. Akatua furushi la mashuka ya hospitali juu ya ngozi yangu mbichi, yakaharibika, wala hakujali. Akachomoa mfukoni filimbi ya shaba, fupi, nene, yenye alama ya taji. Mama yake aliifukua kwa jembe akilima mihogo Diaka. Filimbi ya bwana mkubwa wa askari wa Mjerumani, huyo huyo labda aliyekuwa akimpigia Babu aamke.

"Babu yako alikuwa akiisikia hii," akaniambia. "Basi wewe na mimi ni ndugu. Wewe mdogo."

"Kwa nini mimi mdogo?"

"Aliyeitwa kwa filimbi ni mdogo wa mwenye filimbi."

Toka siku hiyo tukawa tunatukanana kila siku. Mimi namwita mla panya, yeye ananijibu, "Nyinyi wa pwani panya mnamwogopa, pweza mwenye mikono minane mnamla bila haya."

Wa tatu ni Bi Atija, mjane, mshona nguo, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Yeye anaokota shanga za kale, zile ndogo nyekundu na za buluu ambazo mvua kubwa inazifumua ufukweni. Wa nne ni Sinyori Baltazari, karani wa forodha, chotara wa kisiwa cha Ibo, anayevaa tai hata akienda kuoga. Yeye anapenda vigae vya sahani za kale. Anaweza kushika kigae kama ukucha akakueleza sahani nzima ilivyokuwa, na nani alikula nini. Bi Atija alimwambia siku moja, "Sinyori, we ungeoa sahani." Akajibu kwa heshima zote, "Ningeoa, bibi, lakini nzima sijaipata."

Na mimi mwenye kitu kimoja tu, mkoba wa Babu, walinipokea kwa ajili ya mikono yangu. Kila kitu kikiokotwa, mimi nakivisha. Kifuko cha ngozi, cha kipimo chake, kisichofanana na kingine. Msikilize, watu wa Kionga, mjue kwamba hii si kazi ya kila mtu. Ngozi ya mbuzi naitia chokaa itoe manyoya. Kisha nailaza kwenye maji ya magome ya mkoko mpaka iwe nyekundu kama chai. Kisha, hapa ndipo mafundi wavivu wanapoharibu, naisuuza maji baada ya maji mpaka yatoke meupe, maana ule ukali wa magome ukibaki ndani, ngozi inabaki na sumu yake. Halafu ikiwa ingali mbichi nakivisha kile kitu, nakifungia kamba, kinakauka kivulini, na kikikauka kimeshikwa kama kwa mkono. Nakipaka mafuta ya nazi. Ukiweka kigae cha Sinyori ndani ya kifuko changu, ukatikisa sikioni, husikii hata pumzi.

Na tuna desturi yetu, tuliyoitunga wenyewe. Mtu akisafiri, hasafiri na kitu anachokipenda. Anakiacha. Mbele ya wenziwe nakitia kifukoni, nakishona mdomo kabisa kwa uzi wenye nta, na kinakaa kwangu. Uzi ule anaukata mwenyewe akirudi, si mtu mwingine. Na kama Mungu amemchukua huko alikokwenda, basi wenziwe waliobaki wanaukata pamoja na kumwombea, kila mtu kwa dini yake. Bi Atija ndiye aliyesema, "Mtu akiacha kitu chake, ameacha mguu mmoja ndani." Sote tukaipenda.

RUKA HAPA.

Dada, hii uicheke peke yako jikoni. Lukasi alikuwa na tabia ya kupuliza ile filimbi akitoka kazini, kunijulisha kwamba yuaja niweke kahawa. Sasa kambi ya tropa, hao askari wa Mreno, iko ng'ambo ya barabara. Siku moja, mchana wa jua kali, wamejilaza, akapuliza: pwiiiii. Jeshi zima likaruka handakini. Mpishi aliingia na sufuria. Mbuzi wa Bi Atija naye akaingia. Baadaye wakamkamata Lukasi, wakamwuliza filimbi ya nini. Akasema ya kuitia mbuzi. Wakamwuliza, mbona mbuzi kaingia handakini? Akasema, "Bwana, kajifunza kwenu." Alirudi kwangu na shavu limevimba kama muhogo, anacheka, na mimi nacheka, na Bi Atija anamkanda kwa maji ya moto huku anatutukana sote wawili. Filimbi walimrudishia kwa sababu Sinyori Baltazari alikwenda na tai yake akaongea Kireno kirefu. Lakini wakasema isisikike tena.

Basi akawa anaipulizia ndani ya viganja viwili, hivi, kama anayekoleza moto, akiwa amesimama nyuma ya mgongo wangu kabisa. Ikawa kama ndege mdogo. Mtu wa barabarani hawezi kuisikia. Mpaka uwe karibu yake. Niliizoea hivyo, Dada, kuliko ilivyokuwa mwanzo.

MWISHO WA KURUKA. Mwambie Mama umekohoa.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Sinyori. Wakubwa zake wa forodha walimhamisha kusini, akapanda meli. Aliacha kigae chake cha buluu chenye mkia wa samaki, nikakishona. Alinipa mkono kama mtu anayempa mkono gavana. Kisha binti ya Bi Atija alijifungua huko Mukojo, akaja mtu kumwita. Akaacha shanga zake nyekundu. Akaniambia, "We mtoto wa Kionga, nikirudi nikakuta umempa msichana azivae, nitakushona mdomo kwa uzi wako mwenyewe." Njia ya Mukojo ikafungwa nyuma yake. Sijapata neno lake tangu hapo.

Tukabaki mimi na Lukasi. Wawili nao ni chama. Tulikuwa tunatoa viti vinne vilevile, tunabishana kwa sauti za wale wawili. Yeye anakuwa Bi Atija, mimi nakuwa Sinyori. Watoto walikuwa wakija kututazama.

Kisha akaja Jumamosi moja mapema, bila nguo zake za kazi, amevaa viatu. Lukasi na viatu! Nikamwambia, "Umeoa?"

"Naenda Diaka kumtazama mama."

"Njia haina mtu. Koluna hazendi huko."

"Miguu inakwenda."

Nikafanya mzaha wangu, hakuucheka. Akakaa. Akaweka filimbi juu ya ngozi iliyokuwa mapajani mwangu. "Shona."

"Ngozi bado mbichi. Imetoka kwenye magome jana, sijaisuuza. Ngoja mpaka kesho."

"Kesho nimeshaondoka. Shona hivyohivyo. Si wewe ndiye fundi wa jeshi zima?"

Unanijua, Dada. Mtu akinishika hapo amenishika. Nikamshonea. Niliibana ile ngozi kwa nguvu zangu zote, kuliko nilivyowahi kubana kitu. Nilisema moyoni, nikikaza hivi atarudi upesi. Upumbavu, lakini ndivyo nilivyosema. Akatazama mpaka nikakata uzi kwa meno, akakipima kifuko mkononi.

"Kizito kuliko filimbi," akasema.

"Ni maringo yangu yamo humo."

Hapo akacheka, nikayaona meno yote. "Utarudi?" nikamwuliza. Akanionyesha kifuko kwa kidevu. "Nimekuachia nini?" Akaondoka kwa njia ya nyuma ya hospitali. Kama alifika Diaka, kama alipita Diaka akaendelea, sijui, na ningejua nisingeandika.

Sasa nimjibu Mama. Msomee polepole.

Mama, nimekusikia. Hamu ya kuja ninayo, usidhani sina. Mvua ikinyesha usiku najua lile tone la kitandani kwangu linaanguka saa hiyo hiyo huko. Mji huu umekuwa mpana. Nyumba za upande wa msikiti nusu yake hazina watu, minazi inaangusha nazi zake na hakuna mtoto wa kugombea. Tropa wanakuja kwangu na mikanda, wanasema obrigado, yaani asante, wanakwenda. Siku nyingine hilo ndilo neno pekee ninaloambiwa tangu asubuhi mpaka kulala, na nina aibu kusema kwamba siku hizo ninaushona mkanda taratibu.

Lakini siwezi kupanda lori. Nina vitu vya watu watatu ndani ya sanduku langu, vimeshonwa, na wenyewe wako njiani. Mmoja akirudi akakuta mlango umefungwa na fundi amekwenda kwao kula samaki, atakata uzi gani? Mimi sasa ndiye baraza, Mama. Ndiye mji. Kila Jumamosi natoa viti vinne, nachemsha kahawa ya watu wanne, naweka kifuko cha kila mmoja juu ya kiti chake, na mimi nakaa na mkoba wa Babu. Sikosi hata mara moja. Mpita njia mmoja aliniuliza namsubiri nani, nikamwambia mkutano wa wakubwa. Akavua kofia.

Yeyote kati yao akirudi, awe mmoja tu, nitamkabidhi sanduku na kupanda lori la kwanza. Hiyo ni ahadi ya mtoto wako mzuri wa sura.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie makubadhi yake nimeshayakata, na nimekumbuka kwamba mguu wake wa kushoto ni wa bata. Msalimie bibi mzaa mama, mumpigie kelele sikio la kulia. Mjomba aliyenifundisha kuchuna mbuzi mwambie kisu chake bado kinakata. Mtoto wako mgongoni mfinye kidogo kwa niaba yangu, alie, ajue ana mjomba. Mama mbusu mkono, kile kiganja chenye harufu ya ndimu.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa makapteni, mlinzi wa makorokoro,

Bakari


Dada, haya ya chini usimsomee mtu. Mwambie Mama karatasi imeishia kwenye jina.

Nimedanganya pale juu. Ijumaa tropa walishusha watu kwenye malori, waliohamishwa kutoka vijiji vya bara, wengine wa Diaka. Niliwaendea mmoja mmoja. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, nikamweleza mpaka yale meno, nikamweleza shamba la mihogo na jembe. Akasema, "Mwanangu, shamba hilo halipo." Nikamwuliza wenyewe wako wapi. Akajitwika furushi lake. Hakusema wamekufa. Hakuna mtu aliyeniambia amekufa. Hilo ulishike.

Nikarudi barazani, mchana kweupe, nikatoa kifuko cha Lukasi, nikakata uzi.

Sikuwa na sababu. Nilitaka tu kuisikia.

Ngozi ilikuwa imeng'ang'ania, ikabidi niichane. Ndani ilikuwa ya kijani, Dada, kama kile kishikizo cha Babu, lakini mara kumi. Ule ukali wa magome ambao sikuusuuza, na ubichi, na kubana kwangu kule, vilikaa na shaba masika yote vikaila. Taji halionekani. Nilisugua kwa ndimu kama Mama mpaka vidole vikawaka. Nikaishika ndani ya viganja viwili hivi, nikapuliza. Ile punje iliyokuwa ikicheza ndani imegandamana. Ilitoka pumzi yangu tu.

Nimeishona tena kwenye ngozi nyingine, iliyosuuzwa vizuri. Mshono ni mzuri kuliko wa kwanza, Bi Atija mwenyewe hawezi kuujua. Ila uzi ule ulikuwa wa kukatwa na Lukasi akirudi, au na sisi sote akifa. Nimeukata peke yangu, na yeye yuko safarini.

Jumamosi iliyofuata sikutoa viti.